Kusahau Si Khiyana: Haki ya Mfanyakazi Mwenye ADHD



Ndugu msomaji, miongoni mwa maneno mazito ambayo Muislamu anaweza kumtupia Muislamu mwenzake ni kumwambia kuwa hana amana. Ni neno linalogusa imani ya mtu, si adabu yake tu. Hata hivyo, madukani, maofisini na katika karakana zetu neno hilo hutamkwa kwa wepesi wa kutisha. Kijana akisahau kupeleka mzigo wa mteja, hana amana. Akichelewa mara tatu katika wiki moja, hana amana. Akiahidi kuleta hesabu siku ya Alhamisi na akaileta Jumatatu, mwenye duka huanza kumhesabia alama za mnafiki, na hapo kijana huwa amekwisha kuhukumiwa katika dini yake kabla hajahukumiwa katika kazi yake.

Si nia yangu kuwatetea wavivu. Wapo, na kila mwenye biashara anawajua. Ninaowakusudia leo ni wale wenye hali ambayo madaktari duniani huiita kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa uwezo wa kutuliza makini, aghalabu ukiandamana na kutotulia na kutenda jambo kabla ya kulifikiri. Hali hii huanzia utotoni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya mtu kutimiza miaka 12. Kwa sehemu kubwa ni ya kurithi, na haitokani na malezi mabovu wala wingi wa sukari. Daktari George Still, aliyewahutubia madaktari wenzake mjini London mwaka 1902, alizungumzia watoto, na kwa miongo mingi baada yake ilidhaniwa kuwa mtu akikua huachana nayo. Leo inafahamika kuwa wengi hukua nayo. Mtoto aliyekuwa hakai kitini huwa mtu mzima anayekaa kitini, ila ndani ya kichwa chake hakuna utulivu.

Chukua mfano wa kijana aliyeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi la ami yake, duka la aina ya yale tunayoyaona Kariakoo. Asubuhi tajiri anaingia na kusema kwa mkupuo mmoja: kahesabu nondo zilizobaki stoo, mpigie yule mteja wa Mbagala umwambie saruji imefika, itafute risiti ya jana ya fundi bomba, na kabla ya adhuhuri uwe umekwenda benki. Mambo manne katika pumzi moja. Kijana anaitikia, "Sawa, ami," na anaitikia kwa ikhlasi. Akifika stoo anakuta boksi la bawaba limepasuka, anaanza kuziokota. Anaingia mteja anayetaka rangi. Simu inalia. Inapoadhiniwa adhuhuri, nondo zimehesabiwa nusu, mteja wa Mbagala amekwisha kununua saruji kwingine, na benki hakuna aliyekwenda.

Alasiri ya siku hiyohiyo anakuja mtu na ramani ya nyumba yake. Kijana anakaa naye saa mbili bila kuinua kichwa, anamkokotolea bati, mbao na misumari bila kukosea hata kimoja, na mteja anaondoka amelipa. Hapo ndipo tajiri anaposema, "Kumbe akitaka anaweza."

Maneno hayo matatu yamewaumiza watu wengi, na yanastahili kuchunguzwa. Mwenye ADHD hakukosa makini. Alichokosa ni uwezo wa kuiamuru makini hiyo iende anakotaka, kwa wakati anaoutaka. Jambo linalomvutia humshika kupita kiasi, na lile la kuchosha humponyoka, hata kama anajua fika kuwa ndilo muhimu zaidi. Kadhalika huwa na shida na saa: hukadiria kuwa kazi itachukua dakika kumi, nayo ikachukua dakika arobaini. Mambo anayotakiwa kuyashika kichwani kwa pamoja humwagika kama maji kwenye viganja. Wapo pia wanaokata maneno ya wenzao kikaoni, au wanaopandwa na hasira haraka na kujuta haraka vilevile.

Utasikia mtu akisema: lakini sisi sote tunasahau! Ni kweli. Tofauti iko katika wingi, katika muda na katika madhara. Sote hukohoa pia, lakini anayekohoa mwaka mzima hatumwambii aache mchezo. Aliyesahau shuleni, akasahau nyumbani, akasahau kazini, akapoteza ajira tatu kwa kosa lilelile huku akilia kila mara, huyo amekwisha kukaripiwa vya kutosha, na makaripio hayakumfaa kitu.

Sasa tuitazame dini yetu. Hii si mas-ala ambayo Uislamu haukuwa na la kusema. Wanazuoni wametenganisha wazi baina ya khiyana, ambayo ni kitendo cha moyo kinachokusudiwa, na nisyani, ambayo ni kusahau. Aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau, swaumu yake haikuharibika. Aliyesahau katika swala amewekewa sijda ya kusahau, na Mtume (SAW) mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne, akakumbushwa na swahaba aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn, akaikamilisha. Hakuna aliyegombezwa kwa kukumbusha, wala hakuna aliyeona aibu kukumbushwa.

Zaidi ya hapo, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ile ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kuhusu kuandika deni. Humo waumini wameamrishwa waandike, dogo na kubwa, waweke muda wake, wawe na mashahidi, na imetajwa hata sababu ya shahidi mmoja kumkumbusha mwenzake. Aliyetuumba anajua kuwa tunasahau, na hakutuachia tutegemee kumbukumbu katika mambo ya mali. Ajabu ni kwamba tajiri yuleyule anayeandika kila shilingi anayodai katika daftari la madeni, akiombwa amwandikie mfanyakazi wake kazi nne za siku katika kipande cha karatasi, huona anaombwa ukarimu wa kupindukia.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Abdullah ibn Umm Maktum (RA). Wengi wetu tunamjua kwa ajili ya Suratu Abasa. Tusichokizingatia ni kazi aliyopewa. Alikuwa kipofu, na Mtume (SAW) alimfanya muadhini katika msikiti wake, pamoja na Bilal (RA). Adhana ya alfajiri inategemea kuiona nuru ya alfajiri, na yeye haoni. Je, alinyimwa kazi? Hapana. Je, alipewa cheo cha jina tu ili aridhike, kazi ikafanywa na mwingine? La hasha. Bilal aliadhini mapema, usiku ungali usiku, na watu wakaendelea kula daku. Ibn Umm Maktum aliadhini pale alfajiri inapoingia, na adhana yake ndiyo iliyowafanya watu wajizuie kula. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Tafakari jambo hilo, ndugu yangu. Kazi nyeti, inayohusu ibada ya mji mzima, alipewa mtu asiyeweza kuitambua saa yake kwa macho, akawekewa watu wa kumwambia saa imefika. Hakupunguziwa heshima kwa hilo wala adhana yake haikuwa pungufu. Na kuna safari ambazo Mtume (SAW) alimwachia kuwaswalisha watu wa Madina yeye alipotoka. Ukimwekea mfanyakazi mwenye ADHD mtu wa kumwambia, "Saa nne imefika, nenda benki," hujazua jambo geni.

Atasema msemaji kuwa upofu unaonekana kwa macho ilhali huu usahaulifu hauonekani. Ndiyo, na hapo ndipo penye mtihani. Mwenye fimbo nyeupe tunampisha njia. Mwenye ubongo usiotulia tunamdai kiapo kuwa hadanganyi.

Basi afanye nini mwenye duka, mkuu wa ofisi au mwalimu mkuu ambaye mmoja wa watu wake yuko hivi? Kubwa la kwanza ni kuandika. Maagizo ya mdomo yanayotolewa huku mtu anatembea ndiyo yanayopotea. Ubao mdogo ukutani, daftari moja lisilotoka juu ya meza, hata ujumbe katika simu, vyote vinafaa, mradi kazi ziwe zimeandikwa kwa mpangilio wa ipi itangulie. Neno "mambo haya yote ni muhimu" halimsaidii, kwa sababu kupanga kipi kitangulie ndiko hasa kunakomshinda. Kazi ndefu nayo ikatwe vipande. Ukimwambia karani alete hesabu za mwaka mwishoni mwa mwezi, utazipata mwishoni mwa mwezi mwingine. Ukimwambia alete za Januari leo kabla ya alasiri na za Februari kesho, utastaajabu kazi inavyokwenda. Dakika kumi za kukaa naye kila asubuhi, na tano za jioni, zina faida kuliko mkutano mmoja wa lawama kila baada ya miezi mitatu.

Mahali anapokaa pia pana neno. Meza iliyo mlangoni, wateja wakipita na redio ikiimba, ni adhabu kwake. Mhamishie pembeni akiwa anafanya hesabu, na umruhusu anyamazishe simu kwa saa moja. Wengine, kinyume chake, hufanya vizuri zaidi mtu mwingine akiwa amekaa karibu anafanya kazi yake kimya. Kuwapo kwa mwenziwe tu humshikilia kitini. Na aruhusiwe kusimama na kutembea kidogo. Anayetingisha mguu au kuchezea kalamu unapozungumza naye huenda ndivyo anavyojisaidia kusikiliza, wala hakudharau.

Kisha itazame kazi yenyewe. Kijana wa mfano wetu hafai kuhesabu nondo siku nzima, lakini anafaa sana kukaa na wateja wenye ramani. Kwa nini basi asipewe wateja, na nondo akahesabu mwingine ambaye anapenda utulivu wa stoo? Wapo wafanyabiashara wanaofanya hivi kwa hekima ya kuzaliwa, bila kujua herufi za ADHD, na maduka yao yana baraka. Kosa anapolifanya mwambie papo hapo, faraghani, kwa maneno machache. Kulilimbikiza ukaja kulimwaga mbele ya wateja siku ya hasira humfanya asahau kosa na kukumbuka fedheha.

Haya yote hayahitaji bajeti. Ubao, kalamu na subira.

Nieleweke kuhusu haki ya mwajiri, maana naye ana haki. Kusahau huondoa dhambi, lakini wanazuoni hawakusema kuwa huondoa fidia ya mali ya mtu iliyoharibiwa. Ofisi ina haki ya kupata kazi iliyoilipia mshahara. Kama marekebisho yamefanywa kwa dhati, muda umetolewa, na kazi bado haifanyiki, kumhamishia kazi nyingine au kuachana naye kwa wema si dhulma. Na kuna kazi ambazo kusahau kidogo ni roho ya mtu. Huko tahadhari iwe kubwa zaidi. Kadhalika, anayechukua fedha za sanduku hakusahau, huyo ameiba, na ADHD isifanywe pazia. Ninachokikataa ni kumfukuza mtu kwa tuhuma ya tabia kabla hajaandikiwa hata karatasi moja. Mtume (SAW) alitufundisha, kama alivyopokea Abu Dharr (RA), kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe yanayowashinda, na tukiwabebesha tuwasaidie. Msaada huo ni wajibu wa aliyembebesha mzigo, kwa hiyo ni wa mwajiri.

Anayetaka hesabu ya dunia nayo ipo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuchunguza afya ya akili, ukihusisha wafanyakazi wapatao 7,000 katika nchi 10, Lebanoni ikiwamo. Ilikadiriwa kuwa wastani wa asilimia 3.5 ya wafanyakazi hao walikuwa na ADHD, na kwamba kila mmoja wao alipoteza takriban siku 22 za utendaji kwa mwaka zaidi ya wenzake wa hali kama yake. Waliowahi kupata tiba walikuwa wachache mno. Katika nchi hizo haikuwamo hata moja ya Afrika, lakini mwenye kiwanda chenye watu 30 anaweza kujipigia hesabu mwenyewe: huenda anaye mmoja, na siku 22 ni karibu mwezi mzima wa kazi anaoulipia bila kuupata.

Sheria nazo zipo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unataka marekebisho yafaayo yafanywe mahali pa kazi. Lakini nani atampeleka ami yake mahakamani? Ajira nyingi za familia zetu ni za udugu. Mlango wa sheria huwa mbali, na mlango wa dhamiri ndio ulio karibu.

Neno kwa wazazi na jamaa. Hali hii haipimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Hupimwa kwa daktari kukaa na mtu, kumsikiliza, na kuuliza historia yake tangu utotoni. Kwa hiyo mama anayekumbuka jinsi mwanawe alivyokuwa darasa la pili ni shahidi muhimu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Tunajua jinsi majina ya Mirembe na Kidongo Chekundu yalivyogeuzwa kuwa matusi mitaani, na matusi hayo yamewazuia wengi kutafuta msaada waliouhitaji. Wengine hukimbilia kusema kijana amepagawa. Kumsomea Qur'ani ni kheri, lakini Mtume (SAW) alihimiza pia kutafuta dawa, na aliyesomewa hazuiwi kwenda kwa daktari. Na wapo wanaojitafutia dawa wenyewe katika sigara na mirungi, wakaongeza maradhi juu ya maradhi.

Mwezi wa Ramadhani una mtihani wake wa pekee. Usingizi hupungua, na usingizi ukipungua makini huzidi kutawanyika, kwa aliye mzima na kwa mwenye ADHD zaidi. Anayetumia vidonge aghalabu huvimeza asubuhi, kwa kuwa vingi vyake vikimezwa jioni hufukuza usingizi. Zipo dawa za saa chache na zipo zinazodumu sehemu kubwa ya mchana. Basi mtu amwone daktari wake tangu Shaabani, wapange pamoja, asiziache wala kuzibadilisha kwa kujiamulia. Mwajiri naye azipeleke kazi za hesabu asubuhi mapema, ayaache mambo ya kubeba na kupanga kwa alasiri.

Nimalizie na wewe mwenyewe mfanyakazi. Hulazimiki kumtangazia kila mtu maradhi yako, na uliyemwambia ana wajibu wa kukusitiri. Ukitaka kuzungumza na mkuu wako, usingoje siku ya kosa, kwani siku hiyo kila neno husikika kama udhuru. Chagua siku tulivu, na uanze na kazi kabla ya jina la hali yako: "Ami, maagizo ukinipa manne kwa mdomo, mawili hunipotea. Naomba uniandikie, au nikuandikie mimi nikusomee kabla hujatoka. Na saa nne kasoro dakika tano Hamadi anikumbushe benki." Akikubali, itafute kalamu hapohapo.